Siku Saba hadi London, na Neno la Baba

Tangu nirudi siwezi kununua hata chumvi hapa Kiomboi bila mtu kuniuliza, "Mariamu, ndege inachukua saa ngapi mpaka London?" Nikijibu kwamba angani tulikaa saa kumi na sita hivi, ukijumlisha vipande vyote, watu wanacheka na kusema basi London ni karibu kuliko Tabora. Nikiongeza kwamba kutoka Nairobi ni maili elfu nne na zaidi, hapo hawaniamini tena.

Lakini saa kumi na sita si safari yangu. Mimi niliondoka Jumapili nikafika Jumamosi, na kila saa ya siku hizo saba niliihesabu, kwa sababu ambayo baadhi yenu mnaijua nusu na wengine mmeisikia vibaya. Nimeona niandike mara moja, anayetaka asome. Baba anajua kwamba naandika, na ameniambia nisiache kitu.

Samweli ni mdogo wangu wa pekee. Mama alifariki akiwa bado anamnyonyesha, nikamlea mgongoni kwangu. Alikuwa Uingereza akisomea ualimu. Mwezi wa tatu aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza nje. Uliungwa, ukaoza. Ukatibiwa, ukaoza tena. Katika barua zake aliandika kwamba mguu unaendelea vizuri. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi hospitali miaka kumi na moja, na ninamjua mgonjwa anayeficha hata akiwa ng'ambo ya bahari.

Habari za pasipoti nitaziruka. Zilichukua wiki nyingi na hazina ladha. Nauli mnajua ilivyopatikana, maana wengi wenu mlichanga. Karatasi zilipokuwa tayari, Jumamosi moja ya mwezi wa sita ikaja simu ya maandishi kutoka kwa daktari wa huko. Ilisema mguu lazima ukatwe, mgonjwa amekataa mpaka amwone mtu wa kwao, na kusubiri kupita Jumamosi inayofuata ni kuhatarisha maisha yake.

Ndege yangu ilikuwa ya Alhamisi asubuhi kutoka Nairobi, ifike London Ijumaa. Kwa hesabu, nilikuwa na siku moja ya ziada.

Misigiri

Jumapili nilimwacha mume wangu na watoto Kiomboi, nikapitia nyumbani kwa baba Misigiri. Alikuwa uwanjani anapepeta uwele, maana mavuno yalikuwa yamekwisha na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa mzuri kwa kazi hiyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na ile karatasi?"

Nikamsomea, nikageuza kila neno kwa Kinyiramba. Aliweka ungo chini.

Lazima niwaeleze jambo. Baba alikuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, yeye na kaka yake. Kaka yake alipata kidonda mguuni, daktari wa jeshi akaukata mguu, na siku ya tatu akafa. Walimzika kando ya njia, na ule mguu ulikuwa umetupwa kambi ya nyuma. Baba alitusimulia habari hiyo mara moja tu, na hatukuthubutu kumuuliza tena.

"Umwambie Samweli hivi," akasema. "Baba yako hajakubali. Rudi na miguu yako miwili, tutakutibu hapa. Kama ni kufa, ufie hapa ukiwa mzima."

"Baba, mfupa ukioza, ile sumu inaingia—"

"Sikukuuliza mambo ya kazi yako. Nimekutuma neno. Utalifikisha?"

"Nitalifikisha, baba."

Nilisema hivyo, na siku ile nilikuwa na nia hiyo. Akanifungia karanga za kukaanga na kichupa cha asali ya Samweli, akanisindikiza mpaka barabarani.

Singida hadi Arusha, na springi iliyokatika

Kutoka Singida nilipanda lori la Mzee Shabani, anayepeleka ngozi, karanga na samli Arusha. Mama yake ni Mnyaturu, baba yake mtu wa pwani, na yeye mwenyewe anasema kiti chake cha lori ndicho kabila lake. Alinikalisha mbele kwa sababu mume wangu alimfundisha mwanawe kusoma. Tuliondoka Jumatatu alfajiri.

Mpaka mchana mambo yalikwenda vizuri. Tulikuwa tumeanza kuuzunguka mlima Hanang, karibu na Katesh, lori likalia kama mti unaokatika, likainama upande mmoja. Mzee Shabani akaingia chini yake. Alipotoka alikuwa anatabasamu, nikajua hali ni mbaya.

"Springi imekatika, mama," akasema. "Lakini usijali. Tuna ngozi."

Nilidhani anatania. Alichagua ngozi moja iliyokuwa bado na ubichi, akaikata kamba nyembamba ndefu, akailoweka katika maji, kisha akaifunga springi kuizunguka tena na tena mpaka ikawa kama mguu uliofungwa bendeji. Kazi ilikuwa safi, hata mimi nisingeifunga vizuri zaidi.

"Sasa tunaondoka?" nikamuuliza.

"Sasa tunangoja jua. Ngozi ikikauka inabana kuliko chuma. Ikiwa mbichi inaachia."

"Mpaka lini?"

Akatazama mbinguni. Mawingu yalikuwa yameukalia mlima. "Labda kesho."

Nilimweleza habari ya Samweli na ile Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nikiondoka sasa, kesho mchana utakuwa bado porini. Nikingoja, kesho usiku utakuwa Arusha. Chagua." Nilikaa juu ya jiwe. Hakukuwa na cha kuchagua.

Jioni wanawake wawili wa Kimang'ati walipita na ng'ombe wao, wakasimama kutuangalia. Hatukuwa na lugha moja. Mmoja alinyoosha kidole kwenye uso wangu, akafuta mashavu yake mwenyewe, akaniuliza jambo. Nikatambua kwamba nilikuwa ninalia na sikuwa nimejua. Alikwenda akarudi na kibuyu cha maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi. Nikampa nusu ya karanga za baba. Alizila zote pale pale amesimama, huku ananitazama nikinywa, kama mama anayehakikisha mtoto amemaliza.

Jua lilitoka Jumanne saa mbili asubuhi. Saa sita Mzee Shabani aliipiga ile ngozi kwa nyundo, ikatoa mlio mkavu. "Tayari," akasema. Tulifika Arusha Jumanne hiyo hiyo usiku, na springi haikusogea hata kidogo. Kesho yake alfajiri nikapanda basi la Nairobi.

Safari ya basi sina la kuisimulia, kwa sababu nililala. Nakumbuka tu Namanga, ambako mama mmoja wa Kimasai alikuwa amelala begani kwangu, na mimi begani kwake, tukaamshwa pamoja.

Nairobi hadi Khartoum

Alhamisi asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege mapema kuliko wafagiaji. Nilivaa gauni langu la kanisani na sweta, na kikapu nilikishika mkononi. Abiria wote wengine walikuwa Wazungu na Wahindi. Tulipoitwa kwenda kwenye ndege, mhudumu, binti wa Kizungu mwenye haraka, alinijia akaniwekea mtoto mchanga mikononi.

"Mfuate memsabu wako," akasema kwa Kiswahili cha jikoni, akaondoka.

Nilibaki nimesimama na mtoto. Mbele yangu alikuwa mama kijana wa Kizungu, ana mikoba mitatu, amechoka kabisa, naye hakushangaa. Alidhani kampuni ya ndege imempa yaya. Mhudumu naye alidhani mimi ni yaya wake. Nilimfuata mpaka ndani, nikamwonyesha mhudumu tiketi yangu. Uso wake ukawa mwekundu. Alitaka kumchukua mtoto, lakini yule mtoto alikuwa ameshanishika sweta kwa ngumi zote mbili.

"Mwache," nikasema kwa Kiingereza. "Mimi ni mkunga. Nimezoea."

Ndivyo tulivyokaa pamoja, mama yule upande wa dirisha, mimi katikati, na mtoto kwangu. Niliwahi kuulizwa na rafiki mmoja kama sikukasirika. Nilikasirika. Lakini mtoto hakuwa na kosa, na ndege ilipoanza kunguruma nilifurahi kuwa na kitu cha kushika.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Ardhi ilipoachia chini yetu, nilifumba macho nikahesabu mpaka mia. Masikio yaliziba. Mtoto akaanza kupiga kelele, na mama yake akaanza kulia pamoja naye. "Mnyonyeshe," nikamwambia. "Akimeza, masikio yatafunguka." Alinitazama, akatazama wanaume waliokuwa jirani, akaona haya. Nikavua kitenge changu mabegani nikamfunika. Mtoto akanyamaza. Nikameza mate mimi pia, masikio yangu yakafunguka.

Tulitua Entebbe, tukanywa chai, tukaruka tena. Katikati ya safari rubani alituma karatasi ndogo ikipita mkono kwa mkono. Iliandikwa tuko juu futi ngapi, tunakwenda kasi gani, chini yetu ni wapi, na saa ngapi tutatua. Niliisoma mara tatu. Kwa saa moja tulikuwa tunakwenda mbali kuliko Mzee Shabani kwa siku mbili. Nikamkumbuka baba na mizigo ya vita, miezi na miezi ya kutembea, na hakufika hata nusu ya hapo. Nikalirudia neno lake kimoyomoyo, kama nilivyokuwa nikilirudia tangu Misigiri nisije nikalikosea. Baba yako hajakubali. Rudi na miguu yako miwili. Kila nikilirudia, mkunga aliye ndani yangu alikuwa anauliza swali moja tu: rangi ya vidole vya mguu ikoje sasa?

Tulitua Khartoum mchana. Joto lilitupokea mlangoni kama mvuke wa sufuria. Tuliambiwa tutapumzika saa moja.

Khartoum, tulikokwama

Hatukumaliza hata kunywa maji. Upande wa kusini ukatokea ukuta wa rangi ya matofali, mrefu kuliko mlima wowote niliouona, na ulikuwa unatembea. Watu wakaanza kukimbia na kufunga madirisha. Kisha mchana ukawa kahawia, na mchanga ukaingia hata ndani ya meno. Ndege haikuweza kuruka. Tukapelekwa kwenye hoteli kwa magari yaliyowasha taa.

Ijumaa asubuhi vumbi lilikuwa bado limening'inia angani. Ofisa wa ndege alisema, "Leo hapana. Labda kesho." Lile neno labda kesho lilikuwa limenifuata kutoka Katesh. Siku yangu ya ziada ilikuwa imekwisha. Huko London daktari angedhani sikuja kabisa.

Koo lilikuwa limekauka kiasi cha kushindwa kumeza. Nikaenda jikoni, nikamkuta mzee mmoja wa Kisudani aliyevaa kilemba kikubwa cheupe. Jina lake Idrisi, nilikuja kulijua baadaye. Hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Nilikwisha gundua kwamba Kiarabu na Kiswahili vinaazimana maneno, kwa sababu usiku uliopita nilisema "chai" na "sukari" nikaletewa vyote. Basi nikamwonyesha koo langu nikasema, "Baridi. Nataka baridi." Nilitaka maji ya baridi.

"Baridi?" akauliza.

"Baridi!"

Alinitazama kwa makini. Akatazama macho yangu, ambayo nafikiri yalikuwa mekundu kwa mchanga na kwa mengine. Akafuta mikono, akatoka nje, akaniashiria nimfuate. Nikadhani maji ya baridi yanawekwa kisimani. Tulivuka barabara huku tumefunika pua, tukapita duka moja, tukaingia katika jengo kubwa lenye feni, na mbele yangu nikaona dirisha lenye nondo, stempu, na karani mwenye miwani. Ilikuwa posta.

Idrisi akanyoosha mkono kwa fahari. "Baridi," akasema.

Yule karani alijua Kiingereza. Nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwao ukilisema neno hilo kama tunavyolisema sisi, kwa kulivuta katikati, maana yake ni posta.

Mimi pia nilianza kucheka, kisha nikaacha ghafla. Nilikuwa nimekesha usiku kucha nikimlaumu Mungu kwa mchanga, na sikufikiri hata mara moja kwamba Khartoum wana simu ya maandishi. Nikamwomba karani fomu. Nikaandika kwa daktari: *Niko Khartoum. Tufani ya mchanga. Nafika Jumamosi jioni. Tafadhali ningojeni. Mwambieni Samweli dada yake anakuja.* Karani alisoma, akaacha kucheka, akaipeleka ndani mwenyewe.

Tuliporudi, Idrisi alinipa hatimaye yale maji, na baada ya hapo maharage makubwa yaliyopondwa, yamemiminiwa mafuta ya ufuta na kitunguu, yanayoliwa kwa mkate wa duara. Nilikula kama mtu aliyefunga. Alikaa mlangoni akinitazama na kila mara alirudia kwa sauti ndogo, "Baridi," akatikisa kichwa.

Khartoum hadi London

Jumamosi alfajiri anga lilikuwa safi. Tukaruka kabla jua halijapanda. Kwa saa nyingi chini yetu palikuwa na jangwa tu, halina kijiji wala mti, kisha bahari, halafu Rumi, ambako tulitua tukapewa nyama baridi na kitu cheupe kinachotetemeka ambacho sikukigusa. Yule mama wa mtoto aliniambia jina lake hapo, baada ya siku tatu, nami nikamwambia langu. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini London. Nikamweleza. Tuliposhuka London, akamwomba mumewe aliyekuja kumpokea anipeleke hospitali kwa gari lao. Mumewe alikuwa na maswali usoni, lakini alinipeleka.

Njiani nilitazama saa yangu ya kazini, ile ninayohesabia mapigo ya moyo ya watoto. Ilionyesha saa moja na nusu ya usiku, na jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Nikadhani saa imeharibika kwa mchanga. Yule bwana akanieleza kwamba saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na tena kiangazi huko jua halitui mpaka saa tatu. Nikahesabu. Nilikuwa nimepewa saa mbili ambazo sikuwa nazo nilipotoka nyumbani.

Kitandani kwa Samweli

Nesi alinipokea mlangoni. "Wewe ndiye dada wa Khartoum?" akauliza. Simu yangu ilikuwa imefika Ijumaa mchana. Daktari alikuwa amesema atasubiri mpaka Jumamosi usiku, si zaidi.

Kabla sijafika kitandani nilisikia harufu. Kila anayefanya kazi yangu anaijua. Samweli alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, midomo imepasuka kwa homa. Nesi alifunua shuka kidogo nikaona mguu. Nikaona pia mistari myekundu ya ile sumu iliyokuwa imepanda kuvuka goti. Akafunika.

"Dada," Samweli akasema kwa Kinyiramba. "Umechelewa."

"Nilikwama kwenye mchanga."

"Wameniambia." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Baba amesemaje?"

Siku saba nilikuwa nimelibeba neno lile. Nilikuwa nalo kamili, kila sehemu mahali pake. Nilifungua kinywa kulisema, nikasikia nasema:

"Baba amesema wakate."

Alinitazama. "Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Amesema wakate, upone, urudi nyumbani. Na amenituma asali."

Nikaitoa ile chupa, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kufanya kitu. Samweli aliitazama, akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo hata nesi alisikia, "Leteni karatasi."

Walimpeleka jua likiwa bado halijatua. Nilikaa kwenye benchi la korido. Sikuwahi kumwasi baba katika jambo lolote, hata la ndoa. Nilijaribu kuomba, lakini kila nikianza nilikuwa naona njia ya wapagazi na kaka yake baba kando yake. Niliogopa siku ya tatu kuliko nilivyoogopa ndege.

Siku ya tatu ikafika, homa ikashuka. Siku ya nne Samweli aliomba chakula, akalalamika kwamba uji wa kwao hauna chumvi. Nikatoka nje ya wodi nikalia mpaka nesi akanifuata akidhani mgonjwa amekufa.

Kurudi

Nilikaa naye wiki kumi. London yenyewe nitawasimulia tukikutana. Hapa itoshe kwamba alijifunza kutembea kwa magongo kwanza, na chuo kikakubali arudi nyumbani miezi sita apate nguvu ndipo akamalize.

Ndege ya kurudi haikuchelewa mahali popote. Tulipokuwa juu ya jangwa nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Samweli, nilikudanganya. Baba alikataa."

Hakugeuka kutoka dirishani. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Dada, tangu lini baba akakubali jambo mara ya kwanza anapoulizwa? Alipokuja yule mwalimu kuomba nisome, alikataa mara nne." Akanigeukia. "Mimi nilikuwa najua lazima wakate. Nilishindwa kulisema peke yangu. Nilitaka mtu wa nyumbani aliseme."

"Sasa tutamwambia nini?"

"Niachie mimi," akasema.

Lori lilitushusha Misigiri mchana. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, wanawake wakapiga vigelegele mpaka walipomwona vizuri, na vigelegele vikakatika. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Samweli akaenda kwake kwa magongo, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Baba alikuwa anamtazama usoni tu. Macho yake hayakushuka hata mara moja.

Samweli akapaza sauti, watu wote wasikie. "Baba, nimekuja kukushukuru. Dada alinifikishia neno lako. Ulisema wakate, nami nikakubali kwa sababu yako. Bila neno hilo ningekufa."

Baba akanigeukia. Nilitazama chini. Kwa muda ule nilisikia kuku wakiparura, na mtu mmoja akikohoa, na hakuna kingine. Nilikuwa nangojea aseme mbele ya watu kwamba hakusema hivyo.

"Alikueleza vizuri?" akamuuliza Samweli.

"Alinieleza vizuri, baba."

"Basi kwa nini mnamsimamisha mgonjwa?" akawageukia watu kwa ukali. "Leteni kiti!"

Kesho yake asubuhi niliamka nikamkuta nje peke yake. Nikapiga goti nikamwamkia. Aliitikia, kisha akasema, "Ulisema uongo."

"Ndiyo, baba."

"Jana nimeukubali mbele ya watu. Sasa si uongo wako tena. Ni neno langu." Akafikiri kidogo. "Lakini watu wakikuuliza habari za safari, uwaambie nilivyosema mwanzo. Sitaki wanione mwepesi."

Akachukua jembe akaenda kwenye njia ya kwenda chooni, ambako jana magongo ya Samweli yalikuwa yanazama mchangani. Alichota udongo mgumu wa kichuguu, akaumwaga, akaushindilia kwa miguu yake, hatua kwa hatua. Alipomaliza kipande cha kwanza alisimama akafuta jasho, akaita kuelekea nyumbani:

"Samweli! Njoo ujaribu hapa."